Maji kama Ukuta: Usanifu wa Paludariamu ya Chungu katika Mazingira ya Garissa

Utangulizi

Tarehe 7 Mei 2025, mahakama iliyoko katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, iliwahukumu watu wanne kulipa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kutumikia kifungo cha miezi 12. Washtakiwa hao hawakukutwa na pembe za ndovu wala ngozi ya chui. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikuwa wamekamatwa mwezi mmoja kabla katika kaunti ya Nakuru wakiwa na chungu wapatao 5,000 ndani ya vichupa 2,244. Wengi wa wadudu hao walikuwa wa jamii ya Messor cephalotes, yaani chungu wakubwa wavunao mbegu, ambao hutafutwa sana na wafugaji wa Ulaya na Asia.

Habari hiyo iliwachekesha wengi. Hata hivyo, lililostahili kuangaliwa kwa makini ni vichupa vyenyewe. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilieleza kwamba vilitiwa pamba na kuandaliwa ili kuwaweka chungu hai kwa muda wa hadi miezi miwili. Mfugaji wa chungu popote duniani huijua kanuni ya kichupa cha aina hiyo: maji chini, pamba katikati, chungu juu. Pamba huyazuia maji yasimzamishe mdudu, na papo hapo humpa unyevu wa kunywa na wa kupumulia. Hilo ndilo umbo dogo kabisa la chombo kinachojadiliwa hapa.

Makala haya yanaeleza namna ya kusanifu chombo kikubwa zaidi cha aina hiyo, paludariamu ya nyumbani au ya darasani, ambamo chungu huishi katika kisiwa kilichozungukwa na maji yanayosafishwa kwa njia za asili. Garissa imeteuliwa kwa sababu ndiko mtihani ulipo. Joto la mchana hufika nyuzi 35 na kuzidi, vumbi haliishi, maji ya Mto Tana huja yakiwa na rangi ya udongo, na ya visima vingi vya kaunti hiyo yana chumvi. Chombo kitakachodumu hapo hakitashindwa Thika wala Morogoro.

Suala la istilahi

Neno paludariamu linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Akwariamu ni ya maji matupu, terariamu ni ya nchi kavu, na paludariamu huunganisha hayo mawili ndani ya kioo kimoja. Wapo watakaopendelea kuiita kinamasi cha kioo, na pendekezo hilo si baya, kwa kuwa linaonyesha kitu kilivyo bila kumlazimu msomaji kukimbilia kamusi.

Kwa upande wa wadudu wenyewe, Kiswahili hakina umaskini wowote. Kuna sisimizi wa jikoni. Siafu wasafirio kwa misafara. Majimoto, wale wekundu waunganishao majani mitini. Na sungusungu weusi, ambao jina lao lilichukuliwa na vikundi vya ulinzi wa jadi vya Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chungu ni jina la jumla. Mchwa hahusiki hapa, ingawa mara nyingi huchanganywa na hao wengine: kibayolojia mchwa na kumbikumbi wana nasaba na mende, ilhali chungu wana nasaba na nyigu na nyuki. Wasemaji wa Kisomali wa Garissa nao hutenganisha baina ya quraanjo na aboor, na hawahitaji mwanabayolojia kuwaeleza tofauti hiyo.

Utata wa neno chungu utarejea baadaye, kwa kuwa katika usanifu unaopendekezwa hapa chungu hao wanaishi ndani ya chungu. Upatanisho wa kisarufi ndio utakaomwokoa msomaji: chungu wawili ni wadudu, vyungu viwili ni vyombo.

Maji kama ukuta

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kabla ya majokofu kuenea, kabati la chakula lilisimamishwa miguu yake ndani ya makopo ya maji au mafuta ya taa. Sisimizi alifika ukingoni mwa kopo, akazunguka, akarudi. Paludariamu ya chungu ni kopo hilo lililogeuzwa: chungu wako ndani na ulimwengu uko nje. Mwingereza John Lubbock, aliyechapisha kitabu chake kuhusu chungu, nyuki na nyigu mwaka 1882, aliwazuia chungu wake kwa maji vivyo hivyo, na malkia mmoja aliyemtunza aliishi karibu miaka 15.

Aliyewahi kutumia makopo hayo anajua pia yaliposhindwa. Maji yalipokaa siku kadhaa bila kubadilishwa, uso wake ulifunikwa na vumbi na utando wa mafuta, na sisimizi wakavuka. Sababu yake inaeleweka. Uso wa maji una mvutano unaoufanya uwe kama ngozi nyembamba. Chungu mdogo ni mwepesi mno kuipasua, lakini miguu yake haipati pa kushika, naye huishia kutapatapa. Vumbi, ukungu na vipande vya majani humpa pa kukanyaga. Isitoshe, chungu wenyewe ni wajenzi wa madaraja. Jamii kadhaa zimeonekana zikitupa chembe za mchanga na takataka juu ya kimiminiko kinachowazuia mpaka njia ipatikane. Zaidi ya hayo, wengi hutupa maiti na maganda ya chakula mbali na kiota, na katika kisiwa, mbali ni majini.

Hapa ndipo wasanifu wengi hukosea, kwa kuudhani mchujo wa maji kuwa pambo la kuwafurahisha watazamaji. Katika chombo hiki mchujo ni sehemu ya ulinzi. Maji machafu ni daraja. Kwa maji ya kopo, mama wa nyumbani angetia sabuni kidogo, mvutano ukavunjika na kila aliyejaribu kuvuka akazama. Katika paludariamu njia hiyo imefungwa, maana sabuni huwadhuru samaki, mimea na bakteria wanaosafisha maji. Poda inayopakwa ukingoni mwa kioo ili chungu wateleze nayo haitegemewi, kwani hufaa ikiwa kavu tu, na juu ya maji hewa ina unyevu daima.

Umbo la chombo

Tuseme ni sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa 45 na kimo cha 45, lililounganishwa kwa gundi ya silikoni katika duka lolote la vioo. Katikati kiwekwe kisiwa cha sentimita 60 kwa 25. Hivyo mfereji unaokizunguka utakuwa na upana wa sentimita 15 kwenye ncha na 10 ubavuni. Maji yakiwa na kina cha sentimita 10, ujazo wake ni lita 25 na nusu. Mchanga na mawe ya kisiwa vikijumlishwa pamoja na kioo chenyewe cha milimita 6, uzito wote hukaribia kilo 90, kwa hiyo meza ya kawaida ya kusomea haifai.

Kisiwa kisiguse kioo popote, na mmea wowote ulioota juu yake ukatwe kabla jani lake halijafika upande wa pili. Unyasi mmoja ulioinama unatosha kulihamisha kundi zima usiku mmoja. Kingo za kisiwa ziteremke polepole kwa changarawe, mfano wa ufuo, ili chungu aliyeanguka apate pa kupandia. Kuta za wima huua wengi bila sababu. Juu ya chombo uwekwe wavu wa matundu madogo sana, si kifuniko kizima cha kioo, kwa kuwa hewa iliyofungiwa katika joto la Garissa hugeuka mvuke wa kupikia.

Mchujo wa mchanga

Wakazi wa kaskazini mashariki mwa Kenya wana ujuzi wa mchujo ambao haukuandikwa vitabuni. Laga inapokauka, watu huchimba kisima kifupi katika mchanga wake na kuchota maji maangavu kuliko yale yaliyopita juu msimu wa mvua. Mchanga umefanya kazi ambayo katika miji mikubwa hufanywa na mitambo. London yenyewe ilianza kuchuja maji yake ya umma kwa mchanga mwaka 1829, mhandisi James Simpson alipoijengea kampuni ya maji ya Chelsea chujio la aina hiyo. Mwaka 1892 kipindupindu kilipouangamiza mji wa Hamburg, mji jirani wa Altona, uliochuja maji yake kwa mchanga, ulisalimika kwa kiasi kikubwa ingawa ulichota kutoka mto uleule.

Jambo ambalo halionekani kwa macho ni kwamba mchanga hauchuji kwa matundu yake pekee. Baada ya wiki mbili hadi nne, sehemu ya juu hufunikwa na utando wa viumbe hai, bakteria wakiwa ndio wengi, na utando huo ndio unaokamata na kula uchafu. Ukikauka hufa. Ukikosa hewa hufa. Miaka ya 1990 Mkanada David Manz wa Chuo Kikuu cha Calgary aliunda chujio la nyumbani linaloweza kutumiwa kwa vipindi, bila maji kupita saa zote, na siri yake ni ndogo: bomba la kutolea maji hupandishwa juu hadi kiwango cha sentimita 5 kupita uso wa mchanga. Hata kisipomiminwa kitu, mchanga hubaki chini ya maji, na maji yenyewe ni ya kina kifupi kiasi cha kupitisha oksijeni.

Muundo huo unafaa sana hapa. Ndoo ya lita 20 itiwe kokoto chini, changarawe juu yake, kisha mchanga mwembamba ulioshwa mpaka maji yake yawe safi. Ndoo iwekwe juu ya kiwango cha chombo, na bomba lake limimine upande mmoja wa mfereji. Upande wa pili wa mfereji kuwe na tundu la kutokea lililo sawasawa na uso wa maji, si chini yake. Hili ni la lazima. Maji yanayoingia huusukuma uso wote kuelekea tundu hilo, na vumbi, utando na maiti hutoka kwanza na kuanguka katika ndoo ya chini. Asubuhi na jioni, yaliyokusanyika chini humiminwa tena juu. Mwenye pampu ndogo ya umeme wa jua atapumzika, lakini mkono na kata vinatosha. Kwa mwendo wa sentimita 10 kwa saa, ambao ni wa kawaida kwa machujio ya namna hii, ndoo yenye kipenyo cha sentimita 28 hupitisha lita 6 hivi kila saa. Maji yote ya mfereji yangeweza kupita kwa muda wa saa nne na ziada.

Mabaki ya mbegu, maiti za chungu na kinyesi cha samaki huoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Ndago na matete machanga kutoka kingo za mto hufanya kazi hiyo vizuri mizizi yake ikiwa majini. Gugu maji lisiguswe, hata kama linasafisha maji kwa kasi. Wakazi wa Ziwa Victoria wameishi na gharama yake tangu miaka ya 1990, na Garissa ina somo lake la karibu zaidi katika mathenge, mti ulioletwa bonde la Tana miaka ya 1980 kuzuia jangwa na ambao sasa umeziba malisho na njia za mifugo.

Joto hufanya mzunguko huo uwe mgumu. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 35 hubeba takriban 7. Aidha, kadiri maji yanavyopata joto ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake yenye sumu. Kwa hiyo mfugaji wa Garissa atoe mabaki ya chakula kila jioni, na aanze kuliendesha chujio wiki nne kabla ya chungu kuingia. Utando ukizidi unene na maji yakikawia kupita, uso wa mchanga ukorogwe kwa vidole na maji machafu yachotwe. Chujio lisioshwe lote kwa mara moja.

Maji ya kuanzia nayo yana utaratibu wake. Ya Tana yakae ndani ya mtungi siku nzima ili udongo utuame. Ya bomba la mji, kama yametiwa klorini, yaachwe wazi kwa muda huohuo, la sivyo yatawaua bakteria. Mbegu za mlonge zilizosagwa hukusanya matope ndani ya maji ya kunywa upesi, na mlonge wa kaskazini mwa Kenya husifika kwa hilo. Hata hivyo, zinaacha mabaki yanayooza, kwa hiyo hazifai kwa maji yatakayokaa miezi. Maji ya kisima chenye chumvi ni hatari kwa namna isiyoonekana mapema. Uso wa mfereji ukishuka milimita 5 kwa siku, lita moja na robo imekwenda hewani na chumvi yake imebaki. Kila kujazia huongeza chumvi juu ya chumvi. Yafaa kutumia maji ya mvua au ya mto, na kubadilisha sehemu yake mara kwa mara badala ya kujazia tu.

Chungu ndani ya chungu

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, Mfaransa Charles Janet alionyesha viota vya chungu vilivyochongwa katika jasi, vikiwa na kisima cha maji mwisho mmoja. Maji yalipenya jasi polepole, hivyo chumba cha karibu na kisima kikawa na unyevu na cha mbali kikawa kikavu, na chungu wakachagua wenyewe. Garissa haihitaji jasi. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa hadi nusu katika mchanga wa kisiwa, hufanya kazi hiyohiyo na kuongeza nyingine. Sehemu yake ya chini hunyonya maji kutoka katika mchanga. Mayai na mabuu hupelekwa huko. Sehemu ya juu hubaki kavu, na chungu wavunao mbegu huweka ghala lao hapo, mbegu zisichipue wala kuota ukungu. Papo hapo, maji yanayotoka kupitia ngozi ya udongo huukeuka na kuupoza mwili wa chungu, kama yafanyavyo kwa mtungi wa maji ya kunywa. Hewa kavu, ambayo ni adui wa mfereji, ni rafiki wa kiota. Kioo chenyewe kisikae penye jua hata kwa saa moja, wala katika chumba cha mabati kisicho na dari.

Mbu, sheria na mipaka

Kuweka maji yaliyotulia ndani ya nyumba mjini Garissa si jambo la mzaha. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka katika eneo hilo mwaka 1997–98 na tena 2006–07, na mbu ni miongoni mwa waenezaji wake, mbali na malaria. Wavu wa juu ndio kinga ya kwanza. Ya pili ni samaki wachache wadogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu mabwawa ya Kisii ulionyesha kwamba perege walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya asilimia 94. Vitoto viwili au vitatu vya perege kutoka kwa mfugaji vinatosha, navyo virudishwe bwawani kwake vikianza kukua. Samaki wadogo wenye rangi wapatikanao katika madimbwi ya msimu ya bonde la Tana wasivuliwe, kwani baadhi yao hawapatikani kwingineko.

Kuhusu chungu wenyewe, hukumu ya 2025 iliondoa shaka kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawagusa hata wadudu hawa. Shule au chuo kinachotaka kundi la kufundishia kiulize kwanza katika ofisi ya Huduma kwa Wanyamapori. Mtu binafsi afanye vivyo hivyo. Wengi wa wakazi wa Garissa, ambao sura ya 27 ya Kurani imepewa jina la mdudu huyu, hawatashangaa kuambiwa kwamba ana haki zake.

Kundi likipatikana, liwe la hapohapo. Laikipia imeonyesha kinachotokea vinginevyo. Chungu wageni wenye vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, waliwaua chungu wenyeji waliokuwa wakiilinda migunga dhidi ya ndovu. Ndovu wakaivunja miti, maficho ya simba yakapungua, na kwa mujibu wa utafiti wa Ol Pejeta uliotolewa katika jarida la Science mwezi Januari 2024, sehemu ya punda milia katika windo la simba ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020. Simba wakageukia nyati. Yote hayo yalianza kwa mdudu aliyevushwa mpaka wake.

Kwa sababu hiyo udongo, mimea na maji ya paludariamu visitupwe ovyo, hata kundi likiwa limekufa. Mchanga uanikwe juani juu ya bati mpaka ukauke kabisa. Maji yanayobadilishwa yamwagwe kwenye shina la mti wa kivuli uani, si katika mtaro unaoelekea mtoni.